Nilipouliza baba wa mbwa, nikaulizwa kama nimekuja kuposa

Na mbwa mwenyewe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na waliotuuzia, wale wa upande wa Kiambu Road wanaojitangaza kwa picha za watoto wa mbwa waliofungwa riboni shingoni.

Haja yangu niliwaeleza kwa simu kabla hatujatoka South B. Mama yangu anaishi nami siku hizi, ana pumu, na mchana kutwa yuko peke yake ghorofani. Alitaka mbwa mdogo wa kukaa naye. Nilikuwa nimeshauliza huku na kule ni aina gani ya mbwa itamfaa mwenye pumu. Poodle hapukutishi nywele ovyo. Zinarefuka tu mpaka anyolewe. Maltese naye vivyo hivyo, tena anapenda kubebwa. Shih Tzu nilimwacha kwa sababu ya ile pua iliyobonyea, joto likizidi anahangaika kupumua. Cavalier naye nilimwacha, moyo ndio ugonjwa wa ukoo wao. Kwa hiyo nikaagiza mchanganyiko wa Maltese na Poodle mdogo, wanaoitwa Maltipoo. Wakaniambia wanaye, tuje.

Mama wa watoto tulionyeshwa, na ni Maltese kabisa. Nikauliza baba yuko wapi. Kijana akatabasamu, akaendelea kuwasifu watoto. Nikauliza tena. Akanigeukia: "Mathe, unanunua mbwa ama umekuja kuposa?" Wenzake wakaangua kicheko. Mama yangu alikuwa amesimama hapo kando yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, anahema kwa vumbi la njia, na hakuna aliyefikiria hata kumpa kiti.

Neno lile limenikaa rohoni mpaka leo. Kijana, kuuliza baba ndiyo shughuli yenyewe! Ukiuza Maltipoo unauza ahadi kwamba mzazi mmoja ni huyu na mwingine ni yule. Ukimficha mmoja, ninalipia nini? Na hata wazazi wakiwa ndio hao, watoto wa tumbo moja hawatoki sawa, huyu anafuata nywele za baba, yule za mama. Wally Conron, yule Mwaustralia aliyechanganya Labrador na Poodle mwaka wa 1989, alikuwa anamtafutia mwanamke kipofu wa Hawaii mbwa wa kumwongoza, na mume wa huyo mwanamke alikuwa na mzio wa mbwa. Walizaliwa watoto watatu. Akatuma nywele na mate yao Hawaii vikajaribiwe kwa huyo mume, na ni mmoja tu aliyefaa. Mmoja kati ya watatu, na Conron alimjua baba vizuri! Mimi nina mgonjwa wa pumu mkononi, naomba tu kuona dume kwa macho, nachekwa.

Wakati nabishana, mama alishamkumbatia mmoja, na yule mtoto akalala hapo hapo kifuani pake. "Twende naye huyu," akasema. Tangu tumzike baba sikuwa nimemwona na uso ule. Nikalipa.

Mtoto huyo, Popi, alipokua, masikio yakasimama, mkia ukajikunja mgongoni, na chini ya nywele ndefu kukaota manyoya mengine mazito. Daktari wa mifugo hakuhitaji kuambiwa kitu: huyu ana Spitz. Wale weupe waliojaa Nairobi, wazuri sana, ila manyoya wanamwaga. Mama anasema ni kama kuku ananyonyolewa sebuleni kila siku. Daktari akanieleza pia kwamba kinachomsumbua mwenye mzio kimo kwenye mate na magamba ya ngozi, manyoya yanavibeba tu na kuvisambaza nyumba nzima, na kwamba hakuna mbwa asiye navyo kabisa. Hayo muuzaji alipaswa kuniambia siku ile, badala ya kunitafutia mchumba.

Niwe mwadilifu. Banda lao lilikuwa safi, kadi ya chanjo ilikuwa sahihi, na Popi hajaugua. Kwa hayo nilikuwa nimeandika nyota tatu. Halafu juzi nikawapigia simu, kwa upole, nikitaka tu kujua baba ni nani, maana hata daktari anauliza. Nikajibiwa, "Lakini si mlimpenda?" Simu ikakatwa.

Ndiyo, tunampenda. Mama halali kabla hajasikia kucha za Popi sakafuni, na nikigusia kumrudisha ananiuliza kama na yeye nitamrudisha. Kwa hiyo ni mimi ninayefagia asubuhi na jioni, ni mimi ninayefua mashuka kila mara, na dawa ya kuvuta ya mama haikai mbali na mkono wangu. Nyota tatu nimezifuta. Ni moja. Mbwa wa KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama pale Langata Road, unamchukua ukijua ukoo wake haujulikani, na hakuna anayekutoza bei ya ukoo. Hawa wametoza.

Mwenye kwenda huko, adai kuona dume kabla hajatoa simu kulipa. Wakimwambia dume ni wa kuazima, wapelekane hadi kwa mwenye dume, hata kama ni Thika. Wakicheka, aondoke.