Kadi ya WiFi na Bluetooth kwa PC ya mezani: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Wengi wetu PC zetu ni za mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, unafika nayo home unakuta haina WiFi wala Bluetooth, nyuma kuna tundu la waya wa mtandao tu na ruta iko sebuleni. Ukienda dukani unawekewa maboksi matatu, yote yameandikwa 3000, yaani spidi ya Mbps, sio bei. Hiyo 3000 usiipapatikie, ni 2402 ya masafa ya 5 GHz imejumlishwa na 574 ya masafa ya 2.4 GHz ikakadiriwa juu, na PC yako inatumia moja tu kwa wakati.

Kitu cha kujua kabla hujatoa hela: kadi ni moja ila njia ni mbili. WiFi inapita kwenye sloti ya PCIe (ile nafasi ya kupachikia kadi ndani ya PC), Bluetooth inapita USB, ndo maana ndani ya boksi kuna kawaya kembamba ka kuchomeka kwenye zile pini 9 za USB 2.0 kwenye mazabodi (ubao mkuu wa PC). Mimi siku mbili nzima nafuta draiva (programu inayoendesha kadi) narudisha, Bluetooth haionekani, kumbe kawaya kako kwenye boksi bado! Kwa hiyo fungua kava la PC yako kwanza, angalia kama hizo pini zipo na hazijakaliwa na USB za mbele, piga picha uende nayo dukani. PC ikiwa ile nyembamba, hakikisha boksi lina kibati kifupi cha nyuma, kile kirefu hakifungi.

Namba moja kwangu ni kadi yenye chipu ya Intel AX210. WiFi 6E (WiFi 6 iliyoongezewa masafa ya 6 GHz), Bluetooth ya kizazi cha 5, inakubali mazabodi za prosesa za Intel na za AMD, na Linux kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) 5.10 inaitambua yenyewe. Ila ile 6 GHz yake inataka Windows 11 na ruta ya 6E.

Namba mbili AX200. Kama ruta yako ni ya 2.4 na 5 GHz tu na hii ukaipata kwa bei nafuu, chukua bila wasiwasi, kwenye spidi hutaona tofauti ya maana. Kwa upande wa Windows, zote mbili zinataka kuanzia Windows 10 ya 64-bit, wa Windows 7 mtafute ya zamani kama Intel 7260 yenye WiFi 5 na Bluetooth 4.0.

Namba tatu, kwa ambao mazabodi haina pini: chukua kadi ya WiFi peke yake halafu Bluetooth uweke kidude cha USB kama TP-Link UB500. Kidude hicho usikibananishe na flashi au diski iliyochomekwa kwenye USB 3.0, zile zinavuruga mawimbi ya 2.4 GHz na hedifoni zitakatakata, kiweke tundu la mbele.

Za kuacha: AX201 na AX211. Kwa macho zinafanana kabisa na hizo za juu lakini sehemu ya kazi yake inafanywa na chipseti ya Intel yenyewe (chipu iliyo kwenye mazabodi), ukiipachika kwenye adapta ya PCIe, ule ubao unaoingia kwenye sloti, haiwaki, na AMD ndo kabisa. Soma namba iliyo kwenye chipu, usisome boksi. BE200 ya Intel yenye WiFi 7 nayo kama una AMD iache, mara nyingi haitambuliki.

Kufunga ni dakika kumi: chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kava, bana kadi, skrubu, kawaya ka USB, na antena zote mbili maana Bluetooth nayo inazitegemea, ukiziacha hedifoni zinashika ukiwa umekaa palepale tu. PC ikikaa chini ya meza ukutani tafuta antena za waya zenye sumaku uzipandishe juu. Halafu draiva ni mbili, ya WiFi na ya Bluetooth, na PC bado haina intaneti, so chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, pakua zote kwenye tovuti ya Intel, kisha zima PC uiwashe upya.