Simu ikilala na Wi-Fi inakatika: uzoefu wangu wa miezi miwili

Naoka keki nyumbani, Tabata, na oda zangu karibu zote zinaingia kwa WhatsApp. Mteja wa keki hapigi simu. Anatuma picha ya keki aliyoipenda, anauliza bei, na ukichelewa nusu saa kumjibu ameshampata mwokaji mwingine. Kwa hiyo simu kwangu ni kitendea kazi kama ilivyo oveni.

Jumamosi moja mwezi wa tatu nilikuwa jikoni tangu saa mbili asubuhi. Simu niliiweka juu ya friji, kioo kimezimika, kimya kabisa. Nikajua leo hakuna kazi. Saa sita kasoro nikanawa mikono, nikaishusha, nikabonyeza kitufe cha pembeni. Alama ya Wi-Fi haikuwepo. Zikapita sekunde mbili tatu, ikajitokeza, halafu simu ikaanza kulia mfululizo kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Jumbe kumi na saba. Wa kwanza ulitumwa saa tatu na dakika kumi, na mama aliyekuwa anatafuta keki ya ngazi tatu kwa ajili ya kicheni pati ya binti yake. Wa mwisho kutoka kwake ulikuwa wa saa nne na nusu: "Basi dada, nimepata kwingine. Asante."

Iliniuma sana, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Wateja walikuwa wananiambia "nilikuandikia hukujibu" tangu niliponunua simu hii Kariakoo mwezi wa kwanza, kwa Sh. 480,000. Kampuni yake siitaji hapa, maana tabia hii nimeshaikuta kwenye simu za kampuni zaidi ya moja. Ni Android ya daraja la kati, betri ya mAh 5,000, kamera inayopiga keki vizuri hata usiku. Kwa kila kitu kingine nilikuwa nimeridhika nayo.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa intaneti ya nyumbani. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime ruta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, nisubiri, niwashe. Nikafanya hivyo kila siku kwa wiki nzima. Mara nikipewa maelekezo mengine, mara nikiambiwa laini yangu haina tatizo lolote. Kisha nikaenda kwa fundi wa simu, akaifuta ikarudi kama ilivyotoka dukani, nikalipa Sh. 15,000, nikashinda jioni nzima nikirudisha picha na namba za wateja. Keshoyake hali ni ile ile. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya kifaa cha kurefusha Wi-Fi ndipo mdogo wangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta, akanizuia. "Dada, usinunue kitu. Kwanza tujue: simu inatoka kwenye Wi-Fi, au inabaki humo ila imelala?"

Swali hilo ndilo lililoniokoa. Kila mwenye tatizo kama langu ningemsihi aanze na hilo kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani.

Akaniuliza pia kama usiku jumbe zinachelewa. Nikafikiri, nikagundua kwamba hapana. Usiku simu iko kwenye chaji kando ya kitanda, na kila mteja anayeniandikia saa nne au saa tano usiku namsikia palepale. Shida ni mchana, simu ikiwa imewekwa mahali pamoja bila chaji. Ruta ni ile ile, WhatsApp ni ile ile. Kilichobadilika zaidi ni waya wa chaji. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya simu kilichokuwa kikibana matumizi ya betri.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, simu ina utaratibu wake wa kulala uitwao Doze. Kioo kikizimika, simu ikiwa haiko kwenye chaji na imetulia bila kusogezwa, baada ya muda mfumo unazinyima programu mtandao. Unazifungulia kwa vipindi vifupi ili zichukue kilichokuja, kisha unafunga tena, na kadiri simu inavyozidi kukaa bila kuguswa ndivyo vipindi hivyo vinavyozidi kuachana. Jumbe zenye haraka, kama za WhatsApp, zina njia yake maalumu ya kuiamsha simu, hivyo kwa utaratibu huo peke yake nisingepaswa kukosa oda. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengine wanaongeza vibano vyao juu ya hivyo ili betri ionekane inadumu, na simu yangu ilikuwa navyo viwili.

Jaribio letu lilichukua Jumapili moja. Mdogo wangu alitumia kompyuta ya mume wangu kufungua ukurasa wa ruta, ambao kwetu unafunguka kwa kuandika 192.168.1.1 (namba hiyo na nenosiri lake mara nyingi vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta). Humo kuna orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Akachukua namba ya mtandao ambayo ruta imeipa simu yangu kwenye orodha hiyo, akaanza kuiita kwa ping, amri ya kompyuta inayopima kifaa kinajibu baada ya muda gani. Kioo kikiwa kinawaka, simu ilijibu kwa milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) tano, sita, kumi. Nikaizima kioo, nikaiweka juu ya friji. Majibu yakapanda: 180, 240, 310. Nikadhani tumeshamkamata mwizi. Akacheka, akasema huko ndiko kulala kwa kawaida, tena kuzuri.

Alinieleza hivi. Ruta hutoa tangazo karibu mara kumi kwa sekunde, na ndani ya tangazo kuna taarifa ya nani ana mzigo unaomsubiri. Simu iliyolala haisikilizi muda wote. Inaamka kwa sehemu ndogo ya sekunde, inasikiliza tangazo, kama haina mzigo inarudi kulala. Ni kama abiria anayesinzia kwenye daladala. Macho yamefumba, lakini konda akiita "Segerea, Segerea hao!" anashtuka na kushuka. Mzigo unachelewa kidogo tu, na wewe mwenye simu huwezi kuhisi.

Tukaendelea kusubiri. Nilikuwa napiga krimu, yeye yuko mezani na kompyuta. Dakika ya kumi na moja akaniita. Ping haijibiwi tena, na kwenye orodha ya ruta simu yangu imepotea. Haikuwa imesinzia; ilikuwa imeshuka kwenye gari kabisa. Tukaiweka kwenye chaji, tukarudia. Nusu saa nzima haikutoka. Simu ya mume wangu, ambayo ni ya zamani kuliko yangu, ilibaki kwenye orodha muda wote, chaji au bila chaji. Hapo ruta ikasafishwa jina. Niliona vibaya kwa kelele zote nilizowapigia wale watu wa huduma kwa wateja.

Kibano cha kwanza tulikikuta kwenye mipangilio ya betri, ndani kabisa, ukurasa wa tatu kutoka juu: swichi inayoruhusu simu kukata mtandao ikiwa imelala. Ilitoka dukani ikiwa imewashwa, na hata baada ya fundi kuifuta simu ilirudi imewashwa. Kwa hiyo ile kufuta kusingesaidia hata ningefanya mara kumi. Tukaizima. Kwenye simu nyingine inaweza kuwa na jina jingine au isiwepo kabisa. Tafuta neno "kulala" au "betri" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio, utafika haraka kuliko kupapasa.

Tukarudia jaribio. Sasa simu ilibaki kwenye orodha, ping inajibiwa, lakini mdogo wangu alipotuma ujumbe kutoka kwenye simu yake, juu ya friji kimya. Dakika nane kimya. Nilipowasha kioo, ukaingia. Hii ndiyo sehemu inayowachanganya wengi: Wi-Fi ipo, alama ipo, na bado ujumbe hauingii, kwa sababu programu yenyewe imezuiwa kufanya kazi nyuma ya pazia. Tulienda kwenye orodha ya programu, tukafungua WhatsApp, sehemu ya betri, tukaiondoa kwenye matumizi yaliyobanwa na kuiruhusu itumie betri bila kizuizi. Tukafanya hivyo pia kwa programu ya benki ninayopokelea malipo. Nyingine zote tukaziacha zilale. Sioni faida ya programu ya michezo ya mwanangu kuamka kila saa.

Baada ya hapo ujumbe ulifika ndani ya sekunde mbili. Tuliutuma kila baada ya dakika kumi hadi magharibi, na simu ililia kila mara.

Kulikuwa bado na mabaki. Mara moja moja, hasa nikiwa jikoni, simu ilikuwa inatoka. Ruta yetu iko sebuleni, na kati yake na jiko kuna kuta mbili za tofali. Ilikuwa inatoa Wi-Fi ya aina mbili kwa jina moja: ile ya GHz 5, ambayo ina kasi lakini ukuta unaichosha, na ile ya GHz 2.4, ambayo ni ya polepole ila inapenya. Simu ilikuwa inaishika ya GHz 5 nikiwa sebuleni, kisha nikiipeleka jikoni na kuilaza, inaendelea kuing'ang'ania hadi inazidiwa. Tulizitenganisha kwa majina mawili, na simu ya kazi nikaiunganisha kwenye ya 2.4 peke yake. Kwa kupokea jumbe na picha, kasi yake inatosha na kubaki. Tangu hapo sijaiona ikitoka jikoni.

Kishikwambi cha mwanangu, ambacho ni cha zamani, kilikuwa na dawa rahisi kuliko zote. Android za zamani zilikuwa na kipengele kwenye mipangilio ya Wi-Fi kinachouliza kama Wi-Fi iendelee kuwaka kifaa kikilala: daima, kikiwa kwenye chaji tu, au kamwe. Chetu kilikuwa kwenye "kamwe". Nikaweka "daima", kazi ikaisha. Kwenye simu za sasa kipengele hicho kimeondolewa, kwa hiyo usipoteze saa nzima kukitafuta kama nilivyofanya mimi kwenye hii mpya. Na wifi yangu mwenye iPhone alipokuja akiwa na malalamiko kama yangu, tulikuta hali ya kuokoa betri imewashwa, ile inayofanya alama ya betri iwe ya njano. Ikizimwa, barua pepe zake zinaingia zenyewe.

Jambo moja zaidi kwa ambaye simu zake zote, siyo moja, zinatoka kwa pamoja na kwa saa maalumu. Ruta hubadilisha ufunguo wa siri wa pamoja (siyo nenosiri la Wi-Fi unaloandika wewe) kila baada ya muda, na kwenye ruta nyingi muda huo ni saa moja. Simu iliyolala fofofo ikikosa kuupokea ufunguo mpya hutolewa nje. Ukiona kukatika kunafuata saa namna hiyo, hapo acha kuigusa simu, ongea na mtoa huduma wako kuhusu ruta.

Sasa hukumu yangu kuhusu simu. Kwa kamera, kioo na spika, naipa alama za juu na ningeinunua tena. Kwa mtu anayefanya biashara kwa ujumbe, ilivyotoka dukani haifai, na naona si haki muuzaji kusifia betri ya siku mbili bila kumwambia mnunuzi kwamba siku hizo mbili zinapatikana kwa kukata mtandao. Baada ya marekebisho betri yangu inafika siku moja na nusu. Hiyo nusu siku nimeitoa kwa moyo mweupe. Ruta ya intaneti nayo niliyokuwa nailaani miezi miwili haikuwa na kosa kubwa zaidi ya kuchanganya majina.

Wiki iliyopita simu iliomba kusasisha mfumo, nikaikubalia usiku. Asubuhi nilipoiweka juu ya friji nilikumbuka maneno ya mdogo wangu, nikafungua mipangilio ya betri kwanza. Ile swichi ya kukata mtandao ilikuwa imezimwa kama tulivyoiacha. WhatsApp ilikuwa imerudishwa kwenye kubanwa. Nikairekebisha, nikamwomba mume wangu anitumie neno lolote kutoka sebuleni, na kabla sijavunja yai la pili simu ililia.