Ulezi wa waandishi, Jumamosi mjini: nenda kwa kuhaririwa tu

Jina la kikundi hiki cha kunoa waandishi siliweki. Ada ni elfu tatu kwa mwezi, unatuma kwa M-Pesa kabla hujakaa. Ulezi wenyewe, nasema haki, ni mzuri. Mwalimu alichukua ukurasa wangu wa kwanza, akafyeka aya nzima ya mvua ya Eastleigh, akabakisha kondakta anayehesabu chenji gizani. "Anzia hapa." Hadithi ikasimama.

Walikoniudhi ni somo la ufadhili. Tuligawiwa orodha ya ufadhili iliyonakiliwa tu, ambayo hata masharti yake waliotugawia hawajayasoma. Morland, ufadhili wa waandishi wa Afrika wa kuandikia kitabu, ilitajwa kama hela ya bure, kumbe aliyepata alitakiwa kutuma maneno mapya 10,000 kila mwezi, tena kwa Kiingereza. Sisi wa Kiswahili tulikaa hapo kufanya nini? Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ya miswada hasa, haikuguswa kabisa. Na mabati tunayo juu ya vichwa!

Ukitaka jicho kali la mhariri, lipia. Fomu za ufadhili zisomee nyumbani. Halafu wahi mapema, soketi za kuchaji simu ziko viti vya mbele tu.