Roboti na Watoto: Iongozwe na Mtu au Ijirekebishe Yenyewe?

NAO, roboti iliyoundwa Ufaransa yenye kimo cha sentimita 58 hivi, yaweza kucheza na mtoto kwa njia mbili. Ya kwanza: mtu mzima anajificha chumba cha pili, anatazama kwa kamera na kuchagua roboti iseme nini. Watafiti wameitumia sana. Mtoto akinuna, mtu anaona papo hapo na kubadilisha mchezo. Kasoro yake ni moja, ila ni kubwa: kila roboti inataka mtu wake, na mtu huchoka.

Ya pili, roboti inajirekebisha yenyewe. Inahesabu majibu sahihi, muda ambao mtoto anasita na upande anaoutazama. Kisha inapunguza ugumu, inarudia swali polepole au inatoa dokezo. Kwa hesabu na msamiati inajitahidi, hasa jibu likibonyezwa kwenye tableti. Shida huanza kwenye kusikiliza. Mifumo mingi ya kutambua usemi ilifunzwa kwa sauti za watu wazima. Sauti ya mtoto ni nyembamba, na matamshi yake bado yanakomaa. Sasa mlete mtoto wa Kayole, mtaa wa Nairobi, anayeanza sentensi kwa Kiswahili, akaichanganya na Sheng na kuimalizia kwa Kiingereza! Mwalimu wake humwelewa bila hata kugeuka kutoka ubaoni.

Kurekodi sauti na uso, kwa njia yoyote ile, kunahitaji idhini ya mzazi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019.

Kwa darasa la Nairobi ningechagua njia ya pili, roboti ijirekebishe yenyewe, lakini kwa mazoezi ya kubonyeza tu. Mazungumzo nitamwachia mwalimu.