Sabaki: nyungunyungu au donge la ugali?
Mvua ikinyesha bara na mto Sabaki kugeuka rangi ya chai ya maziwa, mimi natia nyungunyungu kwenye ndoana. Kambare haoni mbali mle, ila ana ndevu nane zenye kuonja; hupapasa matope hadi akifikie chambo, hata usiku wa giza. Mshipi hutikisika kidogo, ukatulia, kisha hunyooka ghafla. Hapo ndipo uvute, si kabla.

Donge la ugali ni la perege, mchana, maji yakiwa maangavu. Huyu hutegemea macho: kivuli chako kikianguka majini, keshakimbia. Tena donge humomonyoka upesi mkondoni.

Jioni karibu na Malindi nachagua nyungunyungu na chubwi, kizito cha kuzamisha mshipi, nikikaa mbali na wanakopita viboko.