Gereji niliyowapa injini ya Bantam yangu: uzoefu wangu

Nimekaa na hii hasira tangu kwenye baridi, na kuna ndugu wawili watatu hapa Yorkshire, Uingereza, wameniuliza wapeleke wapi injini zao, basi acha niseme. Jina la gereji silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Pikipiki yangu ni BSA Bantam D14/4 ya 1968, niliinunua ikiwa fremu na maboksi mawili ya vyuma, nikaanza kuigeuza iwe ya traiali, ile michezo ya kupanda mawe na kuvuka vijito taratibu umesimama juu ya pikipiki, ukigusa chini kwa mguu unaandikiwa pointi 1, ukishindwa kabisa 5, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kiti nikatoa, pa kukanyagia nikapashusha na kupasogeza nyuma, spokiti ya nyuma nikaweka kubwa, chini ya injini nikafunga sahani ya alumini. Hayo yote nimefanya mwenyewe kwenye banda langu usiku baada ya kazi. Kitu kimoja tu sikuwa na vifaa vyake, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kuipress, kuweka beringi mpya ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na kuinyoosha tena kunataka mashine, ndiyo nikawapelekea wao pamoja na bloku wachonge, yaani wapanue tundu la pistoni, na wakasema watafunga na kesi, ile nyumba ya krenki, kabisa niletewe injini nzima. Nikalipa pauni 340.

Siku ya kupeleka nilikwenda na jirani yangu, mzee wa Kiingereza ambaye ndiye mwenye gari dogo la mizigo. Huyu mzee pikipiki hajui hata moja, alikuwa ananisaidia usafiri tu. Sasa mimi nauliza, mtatumia sili (mipira ya kuziba upepo kwenye krenki) za aina gani, yule fundi anamjibu jirani. Nauliza mtachonga saizi gani, anamjibu jirani. Injini nimeibeba mimi mikononi, pesa natoa mimi, anamtazama jirani! Mzee wa watu mpaka akaona aibu akasema, ya kwake hii, mwambie yeye. Pale pale ningeichukua nikaondoka. Sikuondoka kwa sababu kila mtu alikuwa ananiambia hawa ndio wanaojua Bantam.

Injini ikarudi imepakwa rangi inang'aa. Nikaifunga, kiki ya pili ikawaka, nikafurahi sana, nikaizungusha taratibu kuilainisha siku kadhaa, halafu Jumapili moja nikaenda nayo kwenye traiali ya kwanza. Kijito cha kwanza safi. Cha pili nikaona nikiachia gesi injini haishuki, inaendelea kulia yenyewe juu juu, nikadhani kebo imekamata. Kwenye kile kilima cha mizizi ya miti ikapiga kelele kama bati linakwaruzwa na tairi la nyuma likakaza palepale. Imenoki, pistoni imekwama ndani ya bloku. Pikipiki niliyoitengeneza mwaka mzima na ushei, imenoki kwa dakika ishirini za mashindano.

Nikawapigia. Jibu la kwanza kabla sijamaliza sentensi: umeweka oili kidogo. Mimi nachanganya mililita 200 kwenye lita 5 za petroli, napima kwa kikombe cha maabara, nimekuwa nachanganya petroli na oili tangu nikiwa mtoto Muheza, baba alikuwa bwana shamba na Yamaha ya kazi, mimi ndiye niliyekuwa najaza. Akaniambia, "Hizi za zamani zinataka mtu aliyezizoea." Akakata.

Basi nikafanya kile ambacho wangefanya wao kabla ya kunirudishia. Nikaziba tundu la ekzosi na la kabureta, nikajaza upepo kidogo kwa pampu ya mkono, presha ya paundi 5 au 6 tu, nikapaka maji ya sabuni kwa brashi, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Upande wa cheni kimya. Upande wa magneto, inayotoa umeme, mapovu yanatoka kama chai inachemka. Nikaitoa ile sili: mdomo wake umekatwa mstari mmoja mnyoofu, sawasawa na ukingo wa kijimfereji cha kii kwenye krenki, kii ni kile kipande cha chuma kinachoishikiza magneto isizunguke yenyewe. Yaani mtu aliisukuma kavu kavu bila kufunika pale penye makali. Kwenye injini hii mchanganyiko unapita kwanza chini ya pistoni, kwenye kesi, ndipo unapanda juu, kwa hiyo kesi ikivuta upepo wa pembeni petroli inakuwa kidogo kwa upepo, na oili imo humo humo kwenye petroli, nayo inapungua, pistoni inaungua. Sili ya pauni chache!

Na bloku ni la chuma, kila ukichonga limepungua, halirudi. Wao walichonga saizi moja, sasa mikwaruzo imenilazimu nichonge nyingine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko zile 340.

Niliwatumia video ya mapovu. Wiki tatu kimya, halafu wakarudisha pauni 60 bila neno moja, hata samahani hakuna.

Lakini lazima niseme ukweli wote. Krenki yenyewe niliipima kwa dayo geji, ile saa ya kupimia kama kitu kimenyooka, ikiwa nje, na haichezi, imenyooka vizuri kuliko nilivyotarajia, na hata baada ya kunoki beringi zilikuwa salama. Aliyekaa kwenye ile press ni fundi kweli. Bloku nalo lilichongwa kwa usafi, ile michoro ya jiwe la kusugulia ndani unaiona kabisa imekatana sawa. Kwa hiyo nilikuwa nataka kusema msiende kabisa, sasa nasema pelekeni krenki tu, kufunga fungeni wenyewe, na kabla hamjawasha pimeni kwa upepo na sabuni.

Mimi juzi nimefunga sili mpya, nikazungushia selotepu nyembamba pale penye kii, nikapaka grisi, ikateleza bila kukwaruza, nikapima, hakuna povu hata moja. Jirani alikuja bandani na chai akataka kujua zile sabuni ni za nini, nikamwonyesha. Akaniuliza kama krenki ikichoka tena nitawapelekea wale wale, maana kazi yao ya mashine ni nzuri. Nikataka kusema ndiyo. Halafu nikakumbuka yule mtu alivyokuwa anamtazama yeye wakati mimi ndiye nauliza. Hapana. Nitatafuta press yangu.