Darasa la kuchora kidijitali: mwalimu anajua kazi, ila makapeni nyekundu sijaisamehe

Jamani nimekaa na hili jambo muda mrefu nikasema nitulie kwanza ndio niandike, nimeona situlii, kwa hiyo acha niandike hivi hivi. Nilijiunga na darasa la jioni la kuchora kidijitali hapa Dar, jina sitaji, waliopita pale wataijua tu hiyo sehemu maana huyo mwalimu na makapeni yake nyekundu wanajulikana. Kama unatafuta pa kujifunza, soma mpaka mwisho kabla hujatuma hela.

Mambo ya bei na ratiba waulizeni wenyewe. Mimi naongelea kilichomo ndani.

Darasa lina vipande viwili, karatasi halafu kompyuta. Lisaa la kwanza hakuna kompyuta kabisa, ni karatasi na penseli. Mnawekewa picha za watu kwenye mwendo, mtu anabeba gunia, mtu anaruka, mtu kainama anafunga kamba ya kiatu, kila picha sekunde 30 halafu inaondoka, baadaye dakika 1, baadaye 2. Hakuna kufuta, hakuna kuchora macho wala vidole, unachotafuta ni uzito wa mwili uko mguu gani, mgongo umepinda kwenda wapi, bega lipi liko juu. Na mkono utoke begani, usizungushe kifundo tu, maana kifundo kinakupa vistari vifupi vifupi vyenye manyoya. Wiki za mwanzo unaona kama unapoteza hela, karatasi imejaa vitu kama nyaya, halafu siku moja unajikuta unamtazama konda kaning'inia mlangoni kwenye daladala na unajua kabisa mstari wa kwanza ungeanzia wapi. Hapo nawasifu kwa moyo wote.

Na hiyo karatasi ndiyo imenisaidia kwenye kompyuta kuliko brashi zote nilizowahi kupakua. Wanaotumia tableti ya kuchorea isiyo na skrini wananielewa, mkono uko mezani, macho yako kwenye laptopu, mstari unayumba, basi unaenda kwenye Krita, ile programu ya kuchorea, unaongeza ile sehemu ya kutuliza mstari mpaka mwisho, unapata mstari laini kama uzi ila hauna uhai. Halafu kuna Ctrl+Z, ile ya kufuta ulichofanya sasa hivi, huo ni ugonjwa. Mtu anavuta mstari wa shavu anafuta, anavuta anafuta, nusu saa shavu moja. Kwenye karatasi huna hiyo nafasi kwa hiyo unalazimika kutazama kwanza halafu ndio uvute. Tangu nianze kuchora kila siku kwenye daftari dogo, hata kama ni dakika kumi nikisubiri gari, nikifungua Krita sitegemei tena Ctrl+Z. Ndio mjue sina chuki na kile wanachofundisha.

Sasa sikilizeni.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kwenda mahali penye watu na kuchora. Nikaenda soko la samaki Feri asubuhi, nikasimama upande wa wale vijana wanaopara samaki. Nikamchora mmoja, kashika samaki aina ya changu kwa mkia na mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, magamba yamemrukia mpaka kwenye aproni ya plastiki, kichwa kainamisha hivi kwa sababu alikuwa anaongea na mteja bila kumwangalia. Yule kijana hakutulia hata kidogo kwa hiyo nilimwibia kidogo kidogo, akirudi kwenye mkao ule ule naongeza mistari miwili. Ni skechi niliyoipenda kuliko zote za daftari lile. Haikuwa safi lakini alikuwemo YEYE mle ndani, ungemjua ukimwona.

Jioni mwalimu anapita meza kwa meza. Akafika kwangu, akachukua daftari bila hata kusema naomba, akafunua kurasa, akasimama pale. Akasema kwa sauti darasa zima lisikie, "We dada, huyu jamaa bega kalisahau nyumbani?" Watu wakacheka. Sawa, cheka, hilo silo lililoniuma. Kabla sijajibu akachomoa makapeni nyekundu mfukoni akachora JUU ya mchoro wangu. Bega jipya, mkono mpya, mstari mnene kutoka shingoni mpaka kwenye kisu, na akamalizia kwa kuzungushia duara kichwani. Nikamwambia, "Mwalimu, si ungeniuliza kwanza." Akanijibu, "Hapa mnakuja kujifunza, hamji kutunza kumbukumbu." Akaenda meza inayofuata.

Ile makapeni ilipenya. Nilipogeuza ukurasa, upande wa pili nilikuwa nimechora watu kwenye pantoni la Kigamboni, na wenyewe wamelowa wekundu, na ukurasa uliofuata nao una madoa. Yaani kosa la bega moja limekula kurasa tatu.

Kinachonichoma ni kwamba huyu ni mwalimu wa kuchora kidijitali! Kila siku anatuimbia leya, leya, yaani tabaka moja juu ya jingine kama karatasi za kuonyesha, chora kwenye leya mpya usiharibu ya chini. Kwenye kompyuta akikukosoa anafungua leya juu ya kazi yako, anachora masahihisho, ukitaka unaizima unabaki na kazi yako kama ilivyokuwa. Kwenye karatasi jambo hilo hilo linawezekana, unaweka karatasi ya kupitisha mwanga juu yake, zinauzwa kwenye duka la vifaa vya shule, au unapiga picha kwa simu ukakosolee huko. Halimshindi kitu. Hakujali tu.

Nikaenda kulalamika mapokezi. Dada wa pale mpole kweli, akaniambia, "Pole dada yangu, mwalimu ndivyo alivyo, mtamzoea." Kumbe wanajua! Nikauliza kama naweza kurudishiwa hela ya wiki zilizobaki, akaandika namba yangu kwenye kitabu, mpaka leo kimya.

Nilitaka kuandika nyota moja na niishie hapo. Lakini niseme ukweli wote hata kama unaniuma: bega alilochora lilikuwa sahihi. Mtu akishika kisu na kukikokota kwa nguvu kutoka mkiani kuelekea kichwani, bega linatangulia mbele na mfupa wa nyuma unatoka, na mimi nilikuwa nimelichora limelala. Siku nyingine nikarudi Feri kutazama tu mabega, na kweli. Na lile bega sasa naliweka sawa bila kufikiria. Kwa hiyo anaona, huyo mtu. Ana jicho ambalo sijaliona kwa walimu wa bure wa intaneti. Basi nikasema nyota tatu, nne hata.

Halafu nikakumbuka alivyokuwa anatuwekea video za Kim Jung Gi, yule Mkorea aliyefariki Paris mwaka 2022, aliyekuwa anajaza ukuta mzima kwa wino bila kuanza na penseli. Mwalimu anatuambia mnaona, huyu hana woga. Sawa, lakini yule mtu madaftari yake yalitunzwa, yamechapishwa mpaka yakawa vitabu vinene, watu dunia nzima wanajifunza kupitia skechi zile za ovyo ovyo za kila siku. Unawezaje kumsifia mtu wa madaftari huku unaharibu la mwanafunzi wako kwa makapeni? Daftari ndipo unapojiona ulikotoka. Bila ile skechi ya Feri nitajuaje bega langu limebadilika lini? Kulikuwa na binti mmoja pale mdogo kuliko sisi wote, baada ya ile siku akaacha kuleta daftari, anakuja na karatasi moja moja za kuchana. Na baadaye hakuja kabisa. Hiyo ndiyo imeniharibia zaidi ya kurasa zangu.

Nyota mbili. Ukiwa tayari unajiamini nenda, ile nusu ya kwanza ya karatasi ni ya thamani na utatoka na mkono mwingine. Ila nunua daftari la bei chee la darasani, lile unalochorea mtaani liache kwenye begi na zipu ufunge, na siku ya kwanza kabisa mwambie mbele ya watu kwamba kazi yako inakosolewa kwenye karatasi ya juu. Kama ndio kwanza unaanza na bado unaogopa kuonyesha watu michoro yako, usiende pale, bora ukae stendi na penseli yako ya 2B uchore makonda mpaka giza liingie. Na nyie wenye darasa, namba yangu mnayo kwenye kitabu.